Rangi ya Gram imekataa: mtafute shahidi kwenye slaidi

Slaidi imekauka, umeiweka chini ya lenzi ya mafuta, na unachokiona hakikubaliki. Kila kitu ni zambarau. Au kila kitu ni waridi. Au bakteria wa koloni moja, yaani kundi moja lililoota pamoja, uliowagusa kwa ncha moja ya waya, wamegawanyika nusu kwa nusu. Hapo wengi wetu tunakosea palepale: tunaanza kutafuta jina la bakteria litakalolingana na rangi iliyotoka. Subiri kwanza. Rangi ya Gram, inayowaacha bakteria wa Gram chanya zambarau na wa Gram hasi waridi, haimpimi bakteria mzima, inaupima ukuta wake, tena inaupima kupitia mkono wako, chupa zako na sekunde ulizohesabu. Kabla hujamtaja bakteria, tafuta kwenye slaidi hiyohiyo kitu ambacho rangi yake unaijua tayari. Huyo ndiye shahidi wako, na mwongozo huu wote unamzunguka yeye.

Nimewaandikia wenzangu wa maabara za wilaya na vituo vya afya, na wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, ambako mara nyingi rangi hii ndiyo jibu la pekee daktari atakalolipata usiku ule.

Kwanza ukuta

Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alichapisha njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin. Alikuwa anachunguza mapafu ya watu waliofariki kwa nimonia, na alichotaka ni bakteria waonekane wazi katikati ya nyama ya mapafu. Kwamba baadhi yao wanashika rangi na wengine wanaiachia, hilo lilijitokeza lenyewe, na rangi ya pili tunayomalizia nayo leo iliongezwa na wengine baadaye.

Sababu iko kwenye ujenzi. Bakteria wa Gram chanya ana ukuta mnene wa peptidoglaikani, nanomita 20 hadi 80, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine na kushonwa pamoja. Bakteria wa Gram hasi ana mkeka mwembamba, nanomita chache tu, lakini juu yake amejifunika utando wa nje wenye mafuta.

Kristali violeti, rangi ya zambarau tunayoanza nayo, inaingia kwa wote wawili. Iodini inaifuata na kushikana nayo humo ndani, zinakuwa bonge ambalo halitoki kirahisi kule zilikoingilia. Kisha asetoni au spiriti. Kwenye ukuta mnene, spiriti inavuta maji, mikeka inajikaza, matundu yanaziba na bonge linabaki ndani. Kwenye ukuta mwembamba inayeyusha mafuta ya utando wa nje, mkeka mmoja uliobaki hauwezi kuzuia kitu, na zambarau inamwagika. Safranini inakuja mwisho kuwapaka waridi walioachwa bila rangi.

Angalia basi ni nini kinachoamua. Hatua zote nne zina kazi, ila hukumu inatolewa kwenye ile ya kuondoa rangi. Ukiifupisha, hata mwenye ukuta mwembamba anabaki zambarau. Ukiirefusha, hata mwenye ukuta mnene ataachia. Hakuna bakteria wa Gram chanya anayevumilia asetoni milele.

Kila kitu ni zambarau

Usiwaangalie bakteria. Angalia viini vya seli za usaha. Kiini cha seli ya binadamu hakina ukuta wa peptidoglaikani wa kukilinda, kwa hiyo kikioshwa sawasawa lazima kitoke waridi au chekundu. Ukikuta viini vya bluu au zambarau, rangi haijaondolewa vya kutosha, na bakteria yeyote wa zambarau aliye jirani na viini hivyo haaminiki.

Chanzo cha kwanza ni mpako mnene, yaani sampuli iliyotandazwa nene kwenye slaidi, na nasema cha kwanza kwa sababu ndicho ninachokikuta mara nyingi kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Makohozi na usaha vikirundikwa, asetoni inaosha juu tu. Kipimo chake hakihitaji kifaa: mpako ukishakauka, kabla ya kuupaka rangi, weka slaidi juu ya gazeti. Kama husomi maandishi kupitia kwenye mpako, ni mnene. Andaa mwingine. Kama sampuli imeisha na huna la kufanya, zungusha slaidi utafute ukingo ambako seli zimekaa moja moja na viini ni vya waridi, usome hapohapo tu.

Chanzo cha pili ni chupa ya kuondolea rangi. Asetoni na spiriti vinaruka hewani, na spiriti iliyoachwa wazi kwenye maabara yenye unyevunyevu, kama zetu za pwani, inakunywa maji ya hewani na kupungua makali. Hata maji yaliyobaki juu ya slaidi baada ya kuosha iodini yanaizimua. Inamisha slaidi, yamwagike, ndipo umimine.

Kuna na hili la muda, ambalo watu hurithishana bila kuulizana. Asetoni tupu inafanya kazi kwa sekunde 2 au 3. Spiriti ya asilimia 95 inaweza kuhitaji sekunde 15 au zaidi. Mchanganyiko wa hizo mbili uko katikati. Mtu aliyefundishwa kwa spiriti akihamia maabara yenye asetoni na kuendelea kuhesabu kama alivyozoea, atapata waridi tupu. Aliyefundishwa kwa asetoni akihamia kwenye spiriti atapata zambarau tupu. Soma lebo, halafu acha macho yaongoze: mimina taratibu slaidi ikiwa imeinama, na maji yanayotiririka yakiacha kuwa na zambarau, osha papo hapo.

Habari njema ni kwamba kosa hili linarekebishika. Futa mafuta, rudisha slaidi kwenye asetoni kwa muda mfupi, osha, paka safranini tena.

Kila kitu ni waridi

Hapa ndipo pa hatari, kwa sababu shahidi wetu wa kwanza ananyamaza. Viini vya seli za usaha vitakuwa vya waridi safi kabisa, vizuri vya kupigwa picha, na slaidi bado itakuwa ya uongo. Kiini cha waridi kinathibitisha kwamba umeosha vya kutosha. Hakithibitishi kwamba hukuzidisha. Tofauti hii niliielewa usiku mmoja, na tangu hapo kila anayepita mikononi mwangu nimemfundisha.

Tuliletewa maji ya uti wa mgongo ya mtoto. Nilipaka, nikatazama: seli za usaha zimejaa, viini waridi, na katikati yake bakteria wawili wawili, waridi. Kalamu ilikuwa tayari kuandika Gram hasi, na daktari angesoma hapo Neisseria meningitidis, yule wa homa ya uti wa mgongo inayolipuka. Kilichonizuia ni umbo. Neisseria wanakaa kama punje mbili za maharage zilizotazamana kwa upande wa bapa. Hawa walikuwa wamechongoka nje kama ncha za mkuki, wamegusana kwa upande mpana. Hilo ni umbo la Streptococcus pneumoniae, ambaye ni Gram chanya na alipaswa kuwa zambarau.

Niliinua chupa ya iodini nikaielekeza kwenye taa. Iodini nzima ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ile ilikuwa kama chai iliyotiwa maji mara ya tatu. Nikafungua chupa mpya, nikachukua slaidi ya pili ya mtoto yuleyule, na safari hii nikaweka mwisho mmoja wa slaidi Staphylococcus aureus, ambaye ni Gram chanya, na mwisho wa pili Escherichia coli, ambaye ni Gram hasi. Staphylococcus akatoka zambarau, Escherichia akatoka waridi, na wale wa katikati wakatoka zambarau. Baada ya kuotesha, koloni zilithibitisha hivyo hivyo.

Kwa mgonjwa na familia yake majina hayo mawili yako mbali. Akiwa ni Neisseria meningitidis, wanaolala naye nyumba moja hutafutwa na kupewa dawa ya kinga, na taarifa inakwenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Akiwa ni Streptococcus pneumoniae, dawa hiyo ya kinga haihitajiki.

Kwa hiyo shahidi wa kosa la kuzidisha ni Gram chanya unayemjua, aliyepita kwenye chupa zilezile, mkono uleule, dakika ileile. Kama maabara yenu haihifadhi vijidudu vya kulinganishia, kwaruza ufizi wako kwa kijiti cha meno kisafi, upake pembeni: kinywa cha kila mtu kina bakteria wa zambarau na wa waridi, na seli za shavu zenye viini vya waridi. Hakifikii kiwango cha vijidudu rasmi, lakini kwa slaidi ya usiku kinasaidia sana kuliko kukosa kabisa.

Sasa vyanzo. Iodini iliyochoka nimeshaitaja. Inapauka kwa mwanga na kwa chupa kuachwa wazi, ndiyo maana inakaa kwenye chupa ya kahawia, na ndiyo maana tarehe ya kufunguliwa inaandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye daftari. Kristali violeti bila iodini ni rangi isiyo na nanga, asetoni inaiondoa hata kwa mwenye ukuta mnene. Kusahau iodini kabisa kunaleta sura ileile, na hutokea zaidi mtu akipaka slaidi nyingi kwa pamoja. Kuosha kwa bomba kali baada ya kristali violeti, kabla ya iodini, nako kunapunguza rangi kabla haijafungwa.

Chanzo kingine ni moto. Slaidi iliyokaushwa kwa kuibabua juu ya taa ya spiriti inapasua kuta, na ukuta uliopasuka hauzuii kitu. Pitisha slaidi kwenye mwali mara 2 au 3, kisha igusishe nyuma ya kiganja: iwe ya vuguvugu unayoweza kuivumilia. Kama mna methanoli, achaneni na moto. Dakika 1 hadi 2 za methanoli zinashikiza mpako na kuziacha seli za usaha zikiwa na umbo lake, jambo la thamani kwenye maji ya uti wa mgongo na kwenye usaha wa kisonono ambako unahitaji kuona kama bakteria wako ndani ya seli au nje.

Chanzo cha mwisho si kosa lako. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa za jamii ya penisilini analeta bakteria ambao kuta zao zimeshaanza kubomolewa, kwa sababu ndiyo kazi ya dawa hizo: zinazuia mikeka kushonwa. Muulize muuguzi, au soma faili, kama amepewa chochote kabla sampuli haijachukuliwa.

Koloni moja, rangi mbili

Uliza kwanza koloni ina umri gani. Bakteria wa Gram chanya wanaozeeka kwenye agari, chakula cha kuoteshea bakteria, hasa Bacillus na Clostridium, kuta zao hukonda na kuvunjika, na wanaanza kutoka waridi mmoja mmoja. Streptococcus pneumoniae ana tabia hiyohiyo na hata hujimeng'enya. Paka koloni ya saa 18 hadi 24. Iliyolala mwisho wa wiki kwenye kabati la joto usiisome Jumatatu asubuhi kana kwamba ni mpya; ioteshe upya.

Kama koloni ni changa na shahidi wako katoka sawa, basi mchanganyiko huo ni tabia ya bakteria mwenyewe. Gardnerella vaginalis, kwa mfano, kiujenzi ni Gram chanya, ila ukuta wake ni mwembamba mno kiasi kwamba anatoka hivi leo na vile kesho. Acinetobacter anakwenda kinyume: ni Gram hasi kamili, lakini hung'ang'ania kristali violeti, na kwa kuwa mara nyingi anakuwa mviringo mviringo na wawili wawili, amewahi kuwadanganya watu wazoefu.

Hapo ondoka kwenye rangi, uulize ukuta kwa njia nyingine. Weka tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, changanya humo koloni kwa waya, koroga kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha inua waya taratibu. Ukuta mwembamba wa Gram hasi unapasuka, DNA inamwagika, na waya unainuka na uzi unaovutika kama wa mlenda. Gram chanya anabaki majimaji tu. Mwanafunzi akiuona uzi ule mara moja hasahau tena ukuta ni nini.

Njia ya pili ni diski ya vankomaisini, dawa ya kuua bakteria, ya mikrogramu 5 juu ya koloni iliyotandazwa kwenye agari. Molekuli ya vankomaisini ni kubwa, kama daltoni 1,450 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakati vijitundu vya utando wa nje wa Gram hasi kwa kawaida havipitishi kitu kinachozidi sana daltoni 600. Kwa hiyo Gram chanya wengi wataacha duara tupu kuzunguka diski, na Gram hasi wataota hadi ukingoni. Wapo wanaovunja kanuni, Lactobacillus akiwa mmojawao, ndiyo maana majaribio haya mawili hufanywa pamoja na rangi, si badala yake.

Seli za usaha zipo, bakteria hawaonekani

Anza na mambo ya aibu kwa sababu yanatokea: slaidi imegeuzwa juu chini, au mpako ulioshwa ukaenda na maji kwa kuwa haukukauka kabla ya kushikizwa. Kwaruza kwa kucha kona ya slaidi ujue mpako uko upande gani.

Kisha fikiria ukuta. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta uliojaa nta ya asidi ya maikoliki, na rangi za majimaji hazipenyi vizuri. Kwenye Gram anaweza kuonekana kama kivuli cheupe cha kijiti katikati ya uwanja wa waridi, au kijiti chenye vidoti vidoti vya zambarau hafifu. Ukiona vivuli vya namna hiyo kwenye makohozi, usiandike kwamba hakuna bakteria. Paka Ziehl-Neelsen, rangi ya kumtafutia bakteria wa kifua kikuu, au ipeleke sampuli kwenye kipimo cha vinasaba. Mycoplasma hana ukuta kabisa, kwa hiyo hana pa kushikia rangi, na kwa sababu hiyohiyo penisilini haimfanyi kitu. Bakteria wa kaswende ni mwembamba kiasi kwamba hadubini ya kawaida haimwoni hata akipakwa rangi ya Gram. Anatafutwa kwa kipimo cha damu.

Wapo pia wanaoshika safranini kwa unyonge tu: Campylobacter, Legionella na baadhi ya wanaoishi bila oksijeni. Kwao badilisha rangi ya mwisho, tumia kaboli fuksini, rangi nyekundu yenye nguvu zaidi, iliyozimuliwa. Utashangaa uwanja uliokuwa mtupu unavyojaa.

Wanaonekana, lakini hawapaswi kuwapo

Vidoti vya zambarau iliyokolea sana, vyenye kingo kali na ukubwa usiolingana, vilivyolala juu ya usawa wa seli ukizungusha lenzi, ni chembe za kristali violeti iliyoganda. Chuja rangi kwa karatasi ya kuchujia kabla ya kuijaza kwenye chupa ya matone.

Bakteria halisi walio nje ya mahali pao ni tatizo gumu zaidi. Maji ya kuoshea yakitoka kwenye ndoo au tangi, yanabeba wakazi wake, nao wanashika rangi vizuri tu. Chukua slaidi mpya isiyo na kitu, ipitishe hatua zote nne kwa maji na chupa zilezile, uitazame. Ukikuta vijiti vya waridi humo, umepata jibu, na kila slaidi iliyosomwa siku ile irudiwe.

Ukiwa bado huna uhakika

Umerudia, shahidi wa zambarau na wa waridi wote wametoka sawa, na bakteria wa mgonjwa bado ana rangi mbili. Andika ulichokiona, usiandike ulichokisia: seli za usaha ni nyingi, vijiti vifupi, rangi si thabiti, slaidi ya ulinganisho ilikuwa sahihi, jibu la kuotesha linafuata. Halafu piga simu wodini. Daktari akijua kwamba rangi haikuamua, ataanza dawa inayofunika pande zote mbili na kukusubiri. Slaidi usiitupe, ifute mafuta, iandike namba kwa kalamu isiyofutika, iweke kwenye sanduku hadi koloni ziote, kisha itoe uitazame tena ukiwa na jina mkononi.